Jifunze Kiingereza ukiwa njiani: maelekezo kwa waliofika Chicago karibuni

Kuna watu tuliofika nao Chicago mwaka mmoja na kuandikishwa darasa moja. Leo wengine wanaongea wenyewe na daktari wa watoto wao, na wengine bado wanamwita mtoto wa darasa la nne asome barua ya mwenye nyumba. Nimewaangalia kwa muda mrefu, maana sasa nasaidia kwenye darasa la wanaoanza, na naweza kusema tofauti yao haiko kwenye akili wala kwenye shule walizosoma nyumbani. Wapo akina mama walioshika kalamu kwa mara ya kwanza kambini Nyarugusu, na leo wanaongea. Tofauti iko kwenye mambo mawili: wanafanya nini siku ile mwalimu anaposema "kesho hatukai darasani, tunatoka", na wanafanya nini wiki inayofuata.

Ninaowaandikia ni ninyi mliotoka Kivu, Burundi, Kigoma, Mombasa, mnaokaa huku kaskazini mwa jiji: Rogers Park, West Ridge, Uptown. Aliye Louisville au Dallas abadilishe namba za mabasi tu, mengine ni yaleyale. Kama bado hujaandikishwa popote, anzia hapo. Vyuo vya jiji, City Colleges of Chicago, vinafundisha watu wazima Kiingereza bila ada, na Truman College iko jirani kabisa na kituo cha Wilson cha treni ya Red Line. Darasa lazima uwe nalo, maana huko ndiko unakopata sentensi iliyonyooka na mtu wa kukusahihisha kwa upole. Lakini sentensi hiyo huanza kuwa mali yako siku unapoitoa mdomoni mbele ya mtu asiyekujua, akakuelewa, akakujibu.

Kabla ya kutoka

Mwalimu akitangaza matembezi, wengi huuliza kama kutakuwa na chakula na kama watoto wanaruhusiwa. Ni maswali ya maana. Ongeza na hili: huko tutakutana na nani, na mimi nitamuuliza nini? Walimu wengi hugawa karatasi ya maneno, kama simba, tembo, lango, tiketi. Ipokee, kisha omba na sentensi. Mbili zinatosha. Ziandike kwenye kipande cha karatasi, uzitamke usiku huku unaosha vyombo, hadi zitoke bila kuzitafuta.

Tuchukue Lincoln Park Zoo, bustani ya wanyama ambako madarasa mengi hupelekwa kwa kuwa kiingilio ni bure mwaka mzima. Sentensi ya kwanza: "Excuse me, where are the lions?", samahani, simba wako wapi? Naipenda hii kwa sababu jibu lake limejaa maneno ya njia: "left" kushoto, "right" kulia, "straight" moja kwa moja. Miguu yako yenyewe itakuambia kama umesikia vizuri. Ukifika kwa simba, umeelewa. Ukijikuta kwa bata, muulize mtu mwingine, na hapo umepata zoezi la pili bila kulitafuta. Sentensi ya pili: "What time do they eat?", wanakula saa ngapi?

Hii ya pili inahitaji tahadhari ambayo walimu Wamarekani hawaijui. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri, mtu akisema "nine o'clock" kichwa kinakimbilia tisa, na saa tisa kwetu ni alasiri. Yeye anamaanisha saa tatu asubuhi. Nimeona watu wakikosa randevu ya daktari na hata usaili wa kazi kwa jambo hili. Dawa yake ni kuacha kabisa kuipitisha saa kwenye Kiswahili. Weka simu yako kwa Kiingereza, na kila ukiitazama, taja kwa sauti ndogo namba unayoiona: "nine fifteen", "ten forty". Kituoni, chini ya kibao cha dakika zilizobaki basi lifike, fanya hivyohivyo.

Siku yenyewe: kaa na asiyejua Kiswahili

Hili nalisisitiza kuliko yote ya siku hiyo. Tukitoka kwenda matembezini, Waswahili tunakaa pamoja nyuma ya basi, tunapiga hadithi toka Rogers Park hadi mjini na kurudi, tunapiga picha nzuri, na Kiingereza tulichokitumia ni "hello" na "bye". Naelewa kwa nini. Wiki nzima mtu amefunga mdomo kazini, akiona mwenzake wa Uvira au wa Fizi moyo unafunguka. Hadithi hizo zina haki yake, lakini zipangie Jumapili baada ya ibada.

Siku ya matembezi mtafute Mrohingya, Mwafghani, Mvenezuela, Mukraine, yeyote ambaye lugha yenu pekee ya pamoja ni hicho Kiingereza kidogo. Kwa mtu wa namna hiyo utaongea bila hofu, kwa sababu naye anatafuta maneno. Anaongea polepole na anasubiri. Muulize ana watoto wangapi, kwao wanapika nini, alifika lini. Rafiki niliyempata kwa njia hii ni mama wa Kirohingya, na mazungumzo yetu ya mwanzo yote yalikuwa juu ya bamia na pilipili. Tulielewana vizuri sana.

Kwa sababu hiyohiyo nawapeleka wanafunzi kwenye maduka ya Devon Avenue kabla ya maduka makubwa. Wauzaji wengi pale ni watu wa India na Pakistan waliojifunza Kiingereza ukubwani au waliozoea wateja wanaojifunza. Tena utakuta vitu unavyovijua: choroko, mbaazi, bamia, iliki, unga wa mahindi. Mtu huuliza vizuri zaidi juu ya kitu anachokijua na anachokihitaji kupika jioni hiyo. "Do you have mung beans?" ni ya choroko. "How much is this?" Halafu bei ikitajwa, sikiliza mkazo: "fifteen" unavutwa mwishoni, "fifty" unapigwa mwanzoni. Ukibaki na shaka usiitikie tu kwa kichwa. Uliza: "One-five or five-zero?" Kila mtu atakuelewa, awe wa Lahore au wa Chicago.

Rudi peke yako ndani ya wiki ileile

Darasa linakufungulia mlango, lakini kuna mwalimu mbele, kuna kundi, kuna mwenye Kiingereza kizuri anayejibu kwa niaba ya wote. Ukirudi mwenyewe Jumamosi, au na mtoto mkononi, sehemu ni ileile na njia unaijua, kwa hiyo akili yote inabaki kwa maneno. Usingoje mwezi upite, utakuta sentensi zimelala. Na chagua matembezi ya kurudia yasiyo na gharama: bustani ya wanyama, maktaba, bustani za umma, ufukwe wa ziwa. Ndiyo maana napenda mwalimu anayepeleka watu maktaba ya mtaani kuliko anayewapeleka mahali pa ajabu mara moja kwa mwaka.

Maktaba hasa naomba muichukulie kwa uzito. Kadi ni bure. Utaulizwa kitambulisho chenye picha na kitu kinachoonyesha anwani yako. Wengi wanaogopa wakidhani kitabu kikichelewa watadaiwa pesa. Maktaba za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019. Kitabu kikipotea kabisa utakilipia, lakini kwa kuchelewa hakuna deni linalokua. Chukua vitabu vya watoto bila aibu, vyenye picha kubwa na mstari mmoja kila ukurasa.

Lakini kazi kubwa pale mezani ni kutaja herufi za jina lako. Ofisini, hospitalini, kwenye simu ya kampuni ya umeme, utaulizwa "How do you spell that?", na hapo wenzangu waliosoma kwa Kifaransa hupata taabu kuliko wote. Herufi E kwa Kiingereza hutamkwa "ii", na ile tunayoiita "i" wao huiita "ai". A ni "ei". G ni "jii" na J ni "jei", kinyume kabisa na Kifaransa, kwa hiyo wenye majina yenye J hujikuta na kadi zenye G. Z hapa Marekani ni "zii", si "zed" mliyofundishwa Tanzania au Kenya, na ikisikika vibaya inageuka C. Jina Riziki, kwa mfano, ni "aar, ai, zii, ai, kei, ai". Ukiona karani anasita, ongeza mfano: "Z, like zebra". Fanyia jina lako zoezi hili hadi ulitaje bila kufikiri, jina la baba na anwani pia. Kosa la herufi moja kwenye karatasi za uhamiaji linaweza kukusumbua miaka, na ndiyo sababu sipumziki hadi kila mwanafunzi aweze kulitaja jina lake.

Tarehe ya kuzaliwa iende pamoja na jina. Wamarekani wanatanguliza mwezi: 03/05 ni tarehe 5 Machi. Wengi wetu tuliandikishwa kambini tarehe 1 Januari, basi jifunze kusema "January first" na mwaka wako, kwa mfano "nineteen eighty-four". Ukienda duka la dawa, hilo ndilo swali watakalokuuliza kabla hawajakupa hata kidonge: "Date of birth?"

Treni inafundisha bure

Red Line inakwenda kutoka Howard hadi 95th, mchana na usiku, na sauti ya kwenye treni haichoki kurudia. "Doors closing", milango inafungwa. Kisha jina la kituo na "is next", yaani ndicho kinachofuata. Kisha "Doors open on the right" au "on the left". Kazi ya anayeanza ni moja: funga macho kabla ya kila kituo, sikiliza upande, fungua macho uone mlango upi umefunguka. Baada ya muda utaanza kusikia na "transfer to", ile inayokuambia ubadilishe treni ipi hapo. Watu wanaofanya hivi njiani kwenda kazini hufika darasani masikio yao yamekwisha kuamka.

Kwenye kituo cha basi watu wa hapa huongea na mgeni juu ya hali ya hewa, hasa Januari upepo unapotoka ziwani. Mtu akikuambia "Cold today!" anakusalimu. Jibu "Yes, very cold!" na umeshiriki. Siku nyingine ongeza "Is the 155 coming soon?", ambalo ni basi la Devon. Sisi tumezoea salamu ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na mtu akituambia tu baridi na kunyamaza tunaona ametudharau. Hajatudharau. Ndiyo salamu yao kwa wasiojuana.

Mahali unapojua kuliko mwalimu

Kama darasa lako lina nafasi ya kuchagua, pendekezeni makumbusho ya Field Museum. Mnashuka Red Line kituo cha Roosevelt, kisha basi namba 146. Kuna siku ambazo wakazi wa Illinois huingia bure, na mwenye kadi ya Link, ile ya msaada wa chakula wa serikali, hupunguziwa. Sentensi ya dirishani ni "Do you have a discount for the Link card?"

Ndani mna simba wawili wa Tsavo. Ndio walewale walioua wafanyakazi wa reli mwaka 1898, Waingereza wakijenga daraja la mto Tsavo kwenye reli ya kutoka Mombasa. Ni madume, lakini hawana yale manyoya marefu ya shingoni, na Wamarekani wakiwaona hudhani ni majike. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwapiga risasi, ngozi zao zikakaa miaka kama mazulia nyumbani kwake, na makumbusho yakazinunua katika miaka ya 1920. Mbele ya kioo kile nimeona mwanafunzi asiyefungua mdomo darasani akimweleza mwalimu kwa vidole na maneno machache: "This is Kenya. The train from Mombasa. I know this place." Alikuwa amesafiri njia hiyo kwa gari mwenyewe. Mwalimu akauliza, yeye akajibu, wakasimama pale hadi kundi zima likawazunguka.

Hilo ndilo ninalotaka mpate. Mgeni anachoka kuwa mtu wa kufundishwa kila saa. Mpe mahali ambapo ana cha kusema, maneno yatatafutwa na yatapatikana. Kwa mkulima wa Kivu mahali hapo ni shambani: huko Albany Park kuna Global Garden, shamba ambalo familia za wakimbizi hulima na kuuza mboga. Mtu aliyelima maisha yake yote akishika jembe pale, anaanza kusema "water", "seed", "too much sun" bila daftari. Kwa fundi cherehani ni duka la vitambaa. Mwambie mwalimu wako unachokijua, maana walimu wazuri hutafuta pa kuwapeleka na hawajui wewe ulikuwa nani kabla hujafika.

Chagua foleni ndefu

Dukani watu hukimbilia foleni fupi au ile mashine ya kujilipia, isiyohitaji neno. Ukiwa na muda, fanya kinyume. Simama foleni ndefu yenye keshia mtu, na usikilize anavyowaambia walio mbele yako. Utasikia maneno yaleyale kwa kila mteja: "Did you find everything okay?", umepata ulivyotafuta? "Do you need a bag?", na hapa fikiria kabla ya kujibu, maana mifuko inatozwa kodi Chicago. "Debit or credit?" "Do you want your receipt?", unataka risiti? Ikifika zamu yako unakuwa umesikia maswali yote na majibu yake, mara tatu au nne, kwa kasi ya kweli. Hakuna kitabu kinachotoa hicho.

Duka la kufulia nguo nalo ni zuri kwa sababu kila mtu anangoja na hana la kufanya. "Is anyone using this one?", kuna anayetumia hii? "Do you have quarters?", una sarafu za robo dola? Mashine inazunguka, mtu aliye jirani ana dakika thelathini. Baadhi ya marafiki wa kweli wa wageni hapa mjini walipatikana kwenye viti hivyo vya plastiki.

Popote ulipo, beba sentensi tatu za kujiokoa: "Can you say that again, please?", rudia tafadhali. "Please speak slowly." Na "Can you write it down?", niandikie. Zisemeni kwa kichwa juu. Kucheka na kuitikia "yes" kwa jambo ambalo hukulielewa kumewafanya watu wetu watie sahihi mikataba ya nyumba wasiyoijua.

Mahali ambapo hupaswi kufanya mazoezi

Hospitali, mahakama, uhamiaji. Hapo sema "I need a Swahili interpreter, please" na ungoje. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kisheria kukupa mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu. Ukipewa mkalimani wa Kiswahili na wewe unaongea Kibembe au Kinyamulenge vizuri zaidi, sema. Na tafadhali, baba na mama, msimweke mtoto katikati. Mtoto wa miaka kumi kumtafsiria mama yake habari za uzazi au za ugonjwa mbaya ni mzigo usiomfaa, na nyumbani heshima inapinduka: yeye ndiye anayejua, wazazi ndio wanaouliza. Mwacheni awafundishe nyimbo na majina ya katuni.

Kwa wenye watoto wadogo

Najua mama mwenye mtoto mchanga atasema yote haya ni ya walio na mikono mitupu. Kwake darasa bora naliona ni saa ya hadithi ya watoto maktabani. Mkutubi anasoma kitabu kifupi polepole, anaonyesha picha, anarudia, anaimba wimbo wa vidole na macho na pua. Hakuna anayekutazama wewe, maana wote wanatazama watoto. Ni bure, kuna joto wakati wa theluji, na wazazi wengine hukaa kidogo baadaye wakiongea, nao huanza kila mara na "How old is he?" au "How old is she?" Jibu unalo. Uliza mezani "When is story time?", wakuandikie siku na saa kwenye karatasi, ufike dakika kumi mapema na ukae mbele. Kisha azima kitabu kilekile kilichosomwa siku hiyo, umsomee mtoto nyumbani jioni, kwa sauti.